Mpwa wangu ana vigimbi vikubwa lakini ngazi zinamshinda. Ni Duchenne au ni kitu kingine?

#1 Mjomba wa Yombo

Habari za jioni wakuu.

Nina mpwa wangu wa kiume, mtoto wa dada, ana miaka 6 na ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Alichelewa kutembea, mwaka na nusu ulipita hajasimama dede vizuri. Tangu hapo kukimbia hajawahi kukimbia sawasawa. Anaanguka ovyo, ngazi anapanda kwa kujivuta kwenye reli kwa mikono miwili, na kuruka kwa miguu yote miwili hawezi. Anatembea tumbo mbele, visigino vinagusa chini kwa shida. Kinachotushangaza ni vigimbi. Vimejaa na ni vigumu ukivibonyeza, majirani wanamwita mchezaji.

Juzi nilimwangalia anavyoinuka kwenye mkeka. Aligeuka kifudifudi, akajikusanya kwa mikono na magoti, akainua makalio huku viganja bado viko chini. Akashika goti la kulia, akashika la kushoto, kisha akawa anapandisha mikono juu ya mapaja yake mwenyewe kidogo kidogo mpaka akasimama wima. Akaendelea na mchezo wake, kwake ni jambo la kawaida.

Zahanati walisema ni upungufu wa kalsiamu, akapewa dawa ya maji. Upande wa shemeji wanasema mtoto kachezewa. Jamaa mmoja kazini kanitajia ugonjwa wa misuli unaoitwa Duchenne. Kuna aliyewahi kuuguza huu? Nawasilisha.

#2 Chuma cha Tanga

Pole mkuu. Watoto wa mjini hawapati jua, wanafungiwa ndani na katuni. Vitamini D ikipungua mifupa inalegea na misuli inakosa nguvu. Mtoe nje asubuhi, mpe dagaa na maziwa, baada ya miezi michache utaniambia.

#3 Shangazi wa Kaloleni

Miguu yake imepinda? Kama ana matege, Chuma yuko sahihi. Kama imenyooka, tafuteni kwingine.

#4 Mzaramo Halisi

Ulizeni kama aliwahi kuchomwa sindano ya makalio alipokuwa mdogo. Kwetu kuna kijana sindano ilimpata kwenye mshipa wa fahamu, mguu ukalegea hadi leo.

#5 Nesi Zamu ya Usiku

Mjomba, hapo kwenye mkeka umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa nilizosoma. Kuinuka kwa kujipanda mwenyewe ni dalili inayojulikana, inaitwa dalili ya Gowers, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1879. Maana yake misuli ya nyonga na mapaja imedhoofika, mtoto anatumia mikono kufanya kazi ya miguu. Peke yake haitaji ugonjwa gani. Ila ukiiweka pamoja na vigimbi kujaa, kuchelewa kutembea, na kwamba ni mtoto wa kiume, Duchenne inakuwa juu kwenye orodha.

Mzaramo, sindano ikijeruhi mshipa mara nyingi huharibu mguu mmoja, na huanza palepale. Huyu ni miguu yote na inakwenda taratibu.

Kabla ya yote ombeni kipimo cha damu kinaitwa CK. Ni kimeng'enya cha ndani ya misuli, na misuli ikiharibika kinavuja kwenda kwenye damu. Kwenye Duchenne kinapanda mara kumi, mara hamsini, hata zaidi ya mara mia ya kawaida. Hospitali za rufaa na maabara kubwa za mjini wanakifanya. Ikitoka kawaida kabisa kwa mtoto wa miaka 6, Duchenne mnaiondoa.

#6 Chuma cha Tanga

Nesi nakuheshimu, lakini mtoto mwenye upungufu wa vitamini D naye anayumba akitembea na anapata tabu kuinuka chini. Hilo nimeliona kwa macho. Usilifute.

#7 Nesi Zamu ya Usiku

Silifuti. Ni kweli analegea, na wengine wana vyote viwili. Ila vitamini D haijazi vigimbi, na CK haiipandishi hivyo. Ndiyo maana nasema apime.

#8 Mama Wawili wa Ilala

Nimesoma huku mikono inatetemeka. Mwanangu ana miaka 13, ana Duchenne. Naomba Mjomba anisikilize hapa.

Alipokuwa na miaka 5 alipimwa damu kwa ajili ya homa tu, vipimo vya ini vikaja juu, AST na ALT. Tukaambiwa ini limeshambuliwa. Mtoto akapimwa homa ya ini mara kadhaa, akakatazwa mafuta, akakatazwa mayai, akakonda. Hakuna aliyemwangalia akitembea. Tulihangaika hivyo karibu mwaka mzima hadi daktari mmoja wa watoto alipomwambia "hebu kaa chini, halafu simama". Basi. Akaagiza CK siku hiyohiyo.

Zile AST na ALT zimo pia ndani ya misuli. Misuli ikivunjika zinapanda, na ini halina kosa lolote. Kuna kipimo kingine cha ini, GGT, hicho hakitoki kwenye misuli. Kwa mwanangu kilikuwa cha kawaida muda wote, kimeandikwa palepale kwenye karatasi. Mtu yeyote hapa ambaye mtoto wake ana "ini" lisiloeleweka na anaanguka ovyo, apimishe CK.

#9 Kijana wa Mbagala

Si ndiyo ule ugonjwa wa yule mwanasayansi Stephen Hawking? Aliishi hadi miaka 76 huyo, msikate tamaa.

#10 Msoma Usiku

Mbagala, hapana. Hawking alikuwa na ALS, ule unaua seli za fahamu zinazoamrisha misuli, na ulimpata akiwa na miaka 21. Hapa amri inafika vizuri, tatizo limo ndani ya msuli wenyewe.

#11 Kijana wa Mbagala

Sawa mwalimu, nimekaa chini.

#12 Neema Yatosha

Wapendwa, msidharau mambo ya kiroho. Shemeji hawajasema bure. Nimeona mtoto wa jirani miguu imelegea ghafla, akaombewa, leo anakimbia. Mpelekeni kwa watumishi.

#13 Shangazi wa Kaloleni

Neema, kuombewa aombewe, mimi mwenyewe nitamwombea. Lakini wa jirani yako alilegea ghafla. Kuna homa zinazolegeza miguu halafu inarudi yenyewe. Huyu hajalegea ghafla, anapungua pole pole tangu alipoanza kutembea. Na chale mtoto huyu asichanjwe, hilo nakuomba Mjomba kwa jina la mama yako.

#14 Mjomba wa Yombo

Wakuu, nashukuru sana. Majibu yametoka. CK imevuka 15,000, na kwenye karatasi kiwango cha kawaida wameandika chini ya 200. Vitamini D nayo iko chini kidogo, kwa hiyo Chuma hujakosa. Tumepewa rufaa Muhimbili kwa daktari wa watoto wa mishipa ya fahamu.

Nyumbani ni vita. Daktari alimwambia dada kwamba ugonjwa huu hupita upande wa mama. Shemeji alikuwepo. Kufika nyumbani mama mkwe kashasema "tulijua ukoo ule una kitu". Dada hata kula hali. Hili la upande wa mama likoje hasa?

#15 Msoma Usiku

Acha nieleze nikiwa na nafasi.

Ndani ya msuli kuna protini inaitwa dystrofini. Kazi yake inafanana na nondo ndani ya zege: inashikilia utando wa seli usipasuke msuli unapojikunja na kujikunjua. Isipokuwepo, kila hatua mtoto anayopiga inapasua seli kidogo. Mwili unaziba, unaziba, mwisho unachoka na kuweka mafuta na makovu mahali pa msuli. Vigimbi kujaa ni hicho, sehemu kubwa si nyama yenye nguvu.

Maelekezo ya kutengeneza dystrofini yako kwenye jeni moja iliyo katika kromosomu ya X. Ni miongoni mwa jeni ndefu kuliko zote kwa binadamu, herufi zaidi ya milioni 2, vipande 79 vinavyoitwa eksoni. Ndiyo maana siku ya Duchenne duniani ni tarehe 7 mwezi wa 9. Mwanamume ana X moja tu, na hiyo huipata kwa mama kwa sababu baba humpa mtoto wa kiume Y. Mwanamke ana X mbili; moja ikiharibika nyingine humbeba, hivyo wengi hawaonyeshi dalili. Mama mwenye jeni hiyo ikiwa mbovu, kila mtoto wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuugua, na kila wa kike nusu kwa nusu kuibeba.

Sasa hili mama mkwe alisikie: karibu theluthi moja ya watoto, mama hana kitu. Kosa limetokea upya. Jeni ndefu namna hiyo ina nafasi nyingi za kukosewa inaponakiliwa. Hutokea kwa mtoto 1 wa kiume kati ya 3,500 hadi 5,000, katika kila taifa na kila kabila.

Jina ni la Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliyeandika juu yake miaka ya 1860. Mwingereza Edward Meryon alishaueleza mwaka 1852 katika ndugu wa kiume, ila ugonjwa haukupewa jina lake. Dystrofini yenyewe ilijulikana 1987.

#16 Baba Watatu

Msoma umeeleza vizuri ila umempa dada matumaini nusu. Hata akipimwa damu akaonekana hana, bado anaweza kuwa na jeni mbovu katika baadhi ya mayai yake tu. Kwetu ilikuwa hivyo. Mke wangu alipimwa hana, tukapumua, wa tatu kaja naye anao. Ushauri wa uzazi waupate kwa mtaalamu, wasitegemee karatasi moja.

#17 Msoma Usiku

Kweli kabisa Baba Watatu, na pole sana.

#18 Nesi Zamu ya Usiku

Mjomba, upande wa mama yenu kuna mwanaume yeyote aliyewahi kuwa na miguu dhaifu tangu utotoni?

#19 Mjomba wa Yombo

Nesi umenigusa. Nilimuuliza mama. Alikuwa na kaka yake mdogo, kule kijijini Handeni, miaka ya 70. Anasema alitembea vizuri utotoni, baadaye akawa anabebwa, akafariki kijana mdogo kabla ya kuoa. Wao waliambiwa karogwa kwa sababu ya shamba. Hadi leo nyumba mbili hazisalimiani.

#20 Chuma cha Tanga

Miaka hiyo polio ilikuwepo mkuu. Msikimbilie kuunganisha.

#21 Shangazi wa Kaloleni

Polio huja na homa, ukiamka mguu mmoja umelala, na unasinyaa. Huyo alipungua miaka na miaka. Mimi naunganisha.

#22 Chuma cha Tanga

Wewe ungekuwa hakimu tungefungwa wote. Mtu hajapimwa, hajaonekana na daktari, habari ni ya miaka hamsini.

#23 Lulu wa Muscat

Salaam kutoka Oman, asili yetu Unguja. Ningependa kuongeza jambo ambalo halijatajwa. Kwetu ni dada watatu, mimi sina, wadogo zangu wawili wa kike wanao. Vigimbi vimejaa, CK maelfu, wanainuka kama alivyoeleza Mjomba. Madaktari wa mwanzo walisema Duchenne haiwezekani kwa wasichana, wakaacha hapo. Baadaye vipimo vya jeni vikaonyesha ni aina nyingine, ya misuli ya nyonga na mabega, inayoharibu protini zilizo jirani na dystrofini, zinaitwa sarkoglikani. Hiyo hutoka kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja ana nakala moja mbovu bila kujua. Wazazi wetu ni mtoto wa ami na mtoto wa ami.

Je, wazazi wa mtoto wana udugu? Maana kwa kutazama tu, aina hizi mbili huwezi kuzitenganisha kwa mtoto wa kiume.

#24 Mjomba wa Yombo

Lulu, babu zao walitoka kijiji kimoja, udugu wa mbali upo inasemekana. Sasa nimechanganyikiwa zaidi.

#25 Nesi Zamu ya Usiku

Usichanganyikiwe, kipimo cha jeni ndicho kitakachoamua. Mezani kuna Duchenne, kuna Becker, ambayo ni jeni ileile lakini dystrofini inatengenezwa kidogo au ikiwa fupi, hivyo mtoto hutembea hadi utu uzima, na kuna hiyo ya Lulu. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje ya nchi, majibu huchukua muda. Ulizieni bei mapema na kama bima yenu inagusa. Anzeni na kinachotafuta vipande vilivyofutika au kujirudia, maana hicho hukamata wagonjwa wengi wa Duchenne. Kisipoona ndipo jeni yote isomwe herufi kwa herufi. Uangalizi wa moyo na mazoezi ya kunyoosha hausubiri majibu.

#26 Kijana wa Mbagala

Mimi nimesikia Marekani kuna sindano moja tu, unachomwa mtoto anapona. Tuchangishane.

#27 Msoma Usiku

Mbagala, moyo wako mzuri. Lakini unachanganya mbili. Ile maarufu, Zolgensma, ni ya ugonjwa mwingine, SMA, na iliidhinishwa 2019. Ya Duchenne inaitwa Elevidys, iliidhinishwa Marekani 2023, bei dola milioni 3.2. Haiponyi. Inaingiza toleo fupi la jeni ili msuli upate dystrofini kiasi, na bado wataalamu wanabishana inasaidia kwa kiwango gani. Mwaka 2025 vijana wawili waliokuwa hawatembei tena walifariki kwa ini kushindwa baada ya kupewa.

Zipo pia dawa za kuruka eksoni, yaani seli iruke kipande cha jeni inaposoma maelekezo, kila moja inafaa wenye kosa la mahali fulani tu. Ile ya eksoni 51 inafaa kama 13 kati ya kila wagonjwa 100. Ndiyo maana kujua kosa liko wapi kuna faida hata kama dawa zenyewe hatuzimudu leo.

#28 Mama Wawili wa Ilala

Tuongee tunachokimudu. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi. Mwanangu anaitumia, ni vidonge vya bei ya kawaida. Daktari hupiga hesabu kwa uzito, 0.75 miligramu kwa kila kilo kwa siku, asubuhi na chakula. Haiponyi, inachelewesha. Bila hiyo wengi huacha kutembea kabla ya miaka 12, wengine kwenye 9. Wa kwangu alitembea hadi 12 na nusu. Na mgongo wake haujapinda sana.

Ubaya wake nausema wazi: uso umejaa, njaa haimwishi, kimo kimesimama, mifupa imekuwa dhaifu, macho yanapimwa kila mwaka kwa mtoto wa jicho. Msije mkaiacha ghafla hata siku moja. Mwili ukizoea unaacha kutengeneza steroidi ya kwake, mtoto akikosa dozi akiwa na malaria au anatapika anaweza kuanguka akapoteza maisha. Mimi nimeandika kwenye karatasi, nimeiweka kwenye begi lake la shule na nyingine kwa jirani.

#29 Baba Watatu

Mama Wawili, nakuheshimu, ila sisi tuliikataa kwa mkubwa. Alibadilika tabia, alikuwa anapiga wenzake na kulia usiku kucha. Tukampunguzia kwa utaratibu wa daktari hadi ikaisha. Aliacha kutembea mapema, ndiyo, lakini alikuwa mtoto mwenye furaha. Mdogo wake anaitumia na haimsumbui. Sijui mpaka leo tulipatia au tulikosea kwa mkubwa.

#30 Nesi Zamu ya Usiku

Nyote wawili mko ndani ya yanayokubalika. Kuna utafiti unaitwa FOR-DMD uliochapishwa 2022, ulilinganisha kunywa steroidi kila siku na ile ya siku kumi kunywa, siku kumi kupumzika. Ya kila siku ilishinda kwa nguvu za miguu, ila dozi hupunguzwa pale madhara yanapozidi, na familia ina haki ya kusema hapana.

Jambo la huku kwetu: kabla ya kuanza, chanjo zote ziwe kamili, hasa za virusi hai kama surua na homa ya manjano, maana baada ya hapo haziruhusiwi kirahisi. Apimwe kifua kikuu. Na atibiwe minyoo. Kuna aina inayopenya kwenye ngozi ya mguu, mtu akinywa steroidi inaweza kusambaa mwili mzima.

#31 Kocha wa Mchangani

Mnanyong'onyeza mtoto kwa vidonge. Msuli unajengwa kwa kazi. Mlete uwanjani, nimkimbize vilima, nimrukishe kamba, vigimbi anavyo tayari!

#32 Mama Wawili wa Ilala

Kocha tafadhali sana. Kwa mtoto huyu kuruka na kukimbia mteremko ndiko kunakopasua msuli. Wangu alishindanishwa mbio shuleni, jioni akakojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi. Ni msuli ulikuwa unatoka.

#33 Kocha wa Mchangani

Duh. Hilo sikulijua. Sasa akae tu?

#34 Nesi Zamu ya Usiku

Asikae. Atembee, acheze, apumzike akichoka. Kuogelea ni kuzuri kuliko yote, maji yanambeba. Na kunyoosha kila siku: mtoto alale chali, goti limenyooka, mzazi ashike kisigino kwenye kiganja, unyayo ulale juu ya mkono wake, asukume taratibu kuelekea usoni kwa mtoto, ahesabu hadi 30, bila kumuumiza. Kano ya kisigino ikifupika anaacha kutembea kabla nguvu hazijaisha. Usiku kuna vifaa vya plastiki vya kushikilia kifundo. Hospitali ya CCBRT na baadhi ya hospitali za mikoa wana karakana.

#35 Kocha wa Mchangani

Basi mlete awe msaidizi wangu wa benchi, anapuliza filimbi na kuandika magoli. Sitanii.

#36 Mjomba wa Yombo

Kocha, hilo atalipenda kuliko dawa zote.

Swali lingine. Likizo ya Desemba walipanga jando kwa watoto wote wa ukoo, hospitalini, kwa nusu kaputi. Aende?

#37 Nesi Zamu ya Usiku

Simamisha kwanza. Hili naandika nikiwa sina mchezo. Mtoto mwenye Duchenne, au anayehisiwa tu, asipewe suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa kulazwa usingizi. Potasiamu inamwagika kwenye damu na moyo unaweza kusimama mezani. Gesi za usingizi kama halothani nazo ziepukwe. Tohara yake ifanywe kwa ganzi ya pale pale, na mtoa usingizi aambiwe mapema, si mlangoni. Hata kung'oa jino, hata kurudisha mfupa uliovunjika, msemaji wa kwanza awe ninyi.

#38 Shangazi wa Kaloleni

Nimekopi hiyo nakwenda kuiweka kwenye kundi la familia. Wangapi wamepotea namna hiyo tukasema mkono wa mtu.

#39 Msoma Usiku

Nje ya mada kidogo. Enzo Ferrari wa magari alikuwa na mtoto wa kiume, Alfredo, wakimwita Dino. Alifariki 1956 akiwa na miaka 24 kwa ugonjwa wa misuli kama huu. Yale magari yaliyoitwa Dino ni kwa heshima yake.

#40 Chuma cha Tanga

Msoma huwezi kukaa kimya dakika tano. Ila hilo zuri, sikulijua.

#41 Nipo Arusha

Nimekuwa nasoma bila kuandika. Mimi mwenyewe nina Duchenne. Nina miaka 24, niko kwenye kitimwendo tangu nikiwa na 11, naandika hapa kwa simu kwa kidole gumba.

Mjomba, mnaongea sana juu ya miguu. Miguu ndiyo inayoonekana. Kilichokaribia kuniua ni moyo na pumzi. Apimwe eko, yaani picha ya moyo, sasa, halafu kila mwaka. Akifika miaka 10 waulizeni kuhusu dawa za kulinda moyo, za jamii ya enalapril, huanzishwa hata kama eko bado ni safi. Mimi nilianza nikiwa na 16, moyo ulishachoka. Na dada yako apime eko na yeye, maana kina mama wabebaji baadhi yao moyo hudhoofika ukubwani.

Akianza kuamka na kichwa kinauma, hana hamu ya kunywa chai, anasinzia darasani, msiseme ni uvivu. Ni hewa chafu imebaki kifuani usiku. Mimi sasa nalala na mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa. Wakati fulani niliwekewa oksijeni peke yake hospitalini nikazidi kuzimika, kwa sababu shida yangu ni kutoa hewa, si kuipata.

Na shule asiachishwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Mimi darasa lilikuwa ghorofani, mama akaenda na nakala ya sheria, darasa zima likahamishiwa chini. Nimemaliza diploma ya uhasibu.

#42 Neema Yatosha

Nipo Arusha, Mungu akutunze. Sina la kuongeza.

#43 Lulu wa Muscat

Umenifanya niwapigie wadogo zangu. Swali: kukohoa mnafanyaje? Wa pili akipata mafua makohozi hayatoki, tunakesha.

#44 Mjomba wa Yombo

Nami nasubiri jibu hilo. Kwa taarifa: eko tumepangiwa JKCI, taasisi ya moyo, wiki ijayo, dada na mtoto pamoja. Sampuli ya jeni imechukuliwa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyelipia, bila mama yake kujua. Majibu yakija nitayaleta, bado sina upande kati ya Shangazi, Chuma na Lulu.

#45 Nipo Arusha

Lulu, kuna ule mpira wa kuminya wa kumpulizia mgonjwa hewa, wa Ambu, hospitali nyingi wanao na unanunulika. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliweka valvu ili hewa isirudi. Mama ananiwekea mdomoni, anaminya mara moja nashikilia, mara ya pili nashikilia, ya tatu, hadi kifua kimejaa kuliko ninavyoweza kuvuta mwenyewe. Halafu nakohoa, na yeye wakati huohuo anasukuma tumbo chini ya mbavu kwenda juu. Yanatoka. Asubuhi na jioni, na nikiwa na mafua mara nyingi zaidi. Msiminye mtoto akiwa ameshiba, atatapika. Mtaalamu awafundishe kwanza kwa mkono, msijifunze kwa maandishi yangu, na mfundishwe wawili nyumbani, si mmoja.